Nilidhani Ataacha Akikua

Jumamosi iliyopita, nikiwa nafunga duka langu la mitumba pale soko la Memorial, Moshi, simu yangu iliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Njiro, Arusha. Nimemwomba ruhusa niuzungumzie, akanikubalia. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza. Mtoto hali mpaka simu isimamishwe mbele yake ikiwa na katuni, na hata ikisimamishwa hajilishi mwenyewe. Dada wa kazi ndiye anayempa kijiko kwa kijiko, na wali ukishika baridi unapashwa upya. Akinyimwa simu anajibwaga sakafuni na kugonga kichwa chini, na baba yake akiwepo anasema, "Mpeni bwana, tunasikiliza taarifa ya habari." Mwishoni yule mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba aambiwe usijali, kisha akauliza: "Dada, si ataacha tu akikua?"

Nilikaa juu ya belo la nguo ambalo lilikuwa halijafunguliwa, nikausikiliza ule ujumbe mara tatu. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, mwaka 2005, mbele ya mama yangu mzazi, na kwa kicheko hicho hicho.

Nilimjibu kwa kifupi: "Hapana mdogo wangu. Hataacha." Baadaye, nikiwa kwenye daladala ya kurudi nyumbani, nikaona jibu kama hilo bila maelezo ni ukatili. Kwa hiyo naeleza. Mwanangu ana miaka 26 sasa. Amesoma haya kabla yenu, akaniambia, "Andika mama, ila jina langu usitaje." Sitalitaja.

Mimi ni mtoto wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nimezaliwa 1974, wa nne kati ya saba. Anayeyajua maisha ya mlimani miaka ile hahitaji kusimuliwa sana. Ng'ombe wetu hatoki bandani, majani yanamfuata yeye, na wanaoyatafuta hayo majani ni wanawake na watoto. Tulikuwa tunashuka tambarare alfajiri na mundu mkononi, tunarudi tunapandisha mlima na mzigo kichwani mpaka shingo unaiona kama imezama mabegani. Maji tulichota mfongoni, yaani kwenye mfereji. Viatu nilivaa kwa mara ya kwanza siku ya kipaimara, tena vilikuwa vya dada yangu, nikavijaza matambara mbele visinivuke nikiwa naelekea altareni.

Baba alikuwa mkali. Hakuwa mtu mbaya, ila sikumbuki hata siku moja aliyoniita kuniuliza jambo lisilohusu kazi. Ada zetu zote zilikuwa kwenye kahawa. Mwaka 1989, mwaka niliomaliza darasa la saba, ule mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka dunia nzima. Sisi hatukujua habari ya mikataba. Tulichokiona ni fedha ya kahawa haitoshi kitu, na baba akikaa migombani jioni hasemi na mtu. Kaka zangu wawili waliendelea na sekondari ya kulipia. Mimi nikaambiwa nisubiri kwanza. Nimesubiri mpaka leo.

Nikashuka Moshi mjini kuuza ndizi Mbuyuni, nikatoka kwenye ndizi nikaingia kwenye mitumba, nikianza na beseni moja la nguo za watoto. Sitawachosha na hadithi ya biashara, nimekwisha kuieleza siku nyingine. Mwaka 1999, baada ya mimba mbili kuharibika, nikampata huyu mmoja. Nikiwa bado kitandani nalishwa mtori, ile supu ya ndizi, niliapa kwa sauti, mama yangu akisikia, kwamba mtoto huyu hatabeba kitu kichwani maishani mwake.

Na hakubeba. Naomba mnielewe, sikuwa mzembe. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, narudi saa mbili usiku, na kila shilingi niliyoipata ilikuwa na jina lake. Baiskeli tatu kabla hajatimiza miaka minane. Shule ya ingilishi midiamu, basi linamfuata getini, begi lake linabebwa na dada mpaka kwenye ngazi ya basi. Kazi za nyumbani za shule akishindwa anafanyiwa na dada huyo huyo, ambaye alikuwa ameishia kidato cha pili. Akitaka pipi saa nne usiku, mtu anatumwa dukani. Nikimwona analia, moyo wangu ulikuwa unashtuka kama nimeitwa hospitali.

Krismasi ya 2005 tulipanda Kibosho kama kawaida yetu Wachagga sote, na ukoo mzima ulikuwa umejaa pale kihambani, kwenye shamba la ukoo. Jioni ya mkesha mama yangu alipika kiburu, yaani ndizi na maharage. Watoto wote walikaa kwenye mkeka wakala. Wangu akaisukuma sahani ikapinduka, akasema anataka chipsi. Mama akamwambia kwa upole kabisa, "Chipsi hakuna huku, mjukuu wangu. Utakula hiki, au utalala na kesho kuna nyama." Akaanza kulia. Akalia nusu saa, mpaka akaanza kukohoa. Mimi nikamwita jirani mwenye teksi, nikamlipa, nikashuka naye mpaka mjini usiku ule wa mkesha kutafuta chipsi. Tuliporudi ilikuwa karibu saa tano, mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma na chipsi hajagusa.

Mama alikuwa ananisubiri jikoni. Akasema kwa Kichagga jambo ambalo Waswahili wanalisema hivi: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikacheka, nikasema, "Ataacha akikua, mama."

Kesho yake asubuhi mama akamletea mwanangu mundu mdogo. Alikuwa amewatengenezea wajukuu wote, kila mmoja na wake, mpini umekatwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto. Watoto wa kaka yangu walikimbia nayo wakicheka. Nikauchukua ule wa mwanangu mkononi mwake, nikaurudisha kwa mama, nikamwambia ana kifua, vumbi la majani linamsumbua. Kifua hakuwa nacho. Mama aliutundika ukutani, hakusema kitu tena. Alifariki 2014 ukiwa bado unaning'inia pale.

Nina mengi ya namna hiyo, na kila moja linaniuma kivyake. Kuna mwalimu mmoja, darasa la nne, aliyempa zamu ya kufagia darasa na kumwagilia maua kama wenzake. Nilikwenda mpaka ofisini nikamsemesha mbele ya walimu wenzake kwamba silipi ada yote ile ili mwanangu akawe mfagiaji. Yule mwalimu hakunijibu. Aliniangalia tu, kisha akaangalia madaftari yake. Kama unasoma hapa, mwalimu, naomba radhi. Ulikuwa unanisaidia, nami nikakutukana.

Miaka ya sekondari naipita haraka, ilikuwa ya kuhamisha shule. Akigombana na mtu, nahamisha. Akisema chakula ni kibaya, nahamisha. Shule nne kwa miaka sita, na kila mara niliona wenye makosa ni wale wengine.

Mwaka 2018 alipata chuo Dar es Salaam. Nilimpangia chumba Sinza, nikanunua friji na godoro, nikawa natuma 300,000 kila mwezi pamoja na "mama nimeishiwa" za katikati ya mwezi. Kwa kweli nilijisikia nimeshinda. Pale Memorial nilikuwa natafuta visababu vya kutaja neno chuo. Mwaka wa pili akadisko, yaani akaondolewa chuo. Sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mtoto wa jirani aliyekuwa chuo hicho hicho, na wakati huo ilikuwa imepita miezi saba natuma ada na hela ya kula. Mitihani hakufanya. Alikuwa analala mpaka mchana, anashinda kwenye simu, usiku anabeti.

Hapo pia nilifanya nilichokuwa nimezoea. Ndugu niliwaambia yuko mafunzo kwa vitendo. Aliporudi Moshi nikamnunulia pikipiki, akaiuza baada ya miezi minne. Nikamfungulia meza ya uwakala wa kutuma na kupokea pesa mlangoni mwa duka langu. Mwaka 2022 floti, yaani mtaji wa uwakala, ya 3,400,000 ikapotea yote kwa wiki mbili, imekwenda kwenye mikeka ya kubeti. Nikauza kiwanja changu cha Njia Panda, kile nilichokuwa nakitegemea uzeeni, nikafidia. Nikamwambia asirudie. Akasema hatarudia, na nafikiri alimaanisha.

Wakati huo mpwa wangu, ambaye ni mwalimu, alinisomea habari moja jioni ya Jumapili. Kule New Zealand, katika mji wa Dunedin, watafiti waliwachukua watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973, yaani karibu rika langu mimi, wakawafuatilia kutoka utotoni mpaka utu uzima. Mwaka 2011 walitoa majibu ya walichokiona walipofika miaka 32. Wale ambao utotoni walishindwa kujizuia, kusubiri, kumaliza walichoanza, ndio waliokuwa na shida zaidi za fedha, za afya, na hata za kesi mahakamani. Na haikuwa tu suala la akili darasani au utajiri wa wazazi, kwa sababu hayo nayo walikuwa wameyapima. Nilimwambia mpwa wangu afunge simu. Nilikuwa naona sura ya mwanangu kwenye kila mstari. Yeye akaendelea kwa sababu kulikuwa na kipande cha pili: wale waliojifunza kujizuia walipokuwa wakikua, hata kama walianza vibaya, mambo yao yaliwaendea afadhali. Kipande hicho nilikishika kama mtu aliyeshika kamba.

Mwaka 2023 wakaja vijana wawili dukani, wateja wakiwepo. Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Mwanangu alikuwa amekopa 600,000, na riba imeifikisha 1,800,000. Mmoja wao alianza kushika shika nguo zangu zilizotundikwa, akiuliza ipi ni bei gani. Nilifungua droo. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa bahati alikuwa amepita kunisalimia, akaifunga ile droo kwa mkono wake. Akawaambia wale vijana, "Mkopaji ni mtu mzima, mtafuteni yeye." Nikamchukia kaka yangu kwa siku tatu.

Siku ya nne usiku kaka alikuja nyumbani na mwanangu. Alikuwa amekonda, amevaa shati ambalo silijui. Mkononi ameshika jani la isale, amelifunga fundo kama inavyotakiwa. Kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama umetendewa nini. Mjomba wake alikuwa amempeleka Kibosho, akalikata mwenyewe pale kwenye ua wa kihamba. Akapiga magoti, akanipa.

Isale nililipokea. Deni sikulipa.

Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo, na nimezika wazazi wote wawili. Tulikaa mpaka saa nane usiku. Nikamuuliza nilikosea wapi, maana nilimpa kila kitu. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Mama, ulikuwa unanifunga kamba za viatu mpaka darasa la sita. Nilikuwa naona wenzangu wanafunga. Nikajua mimi kuna kitu sina." Nikamwambia, lakini hukuwahi kusema. Akasema, "Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kila kitu, na mpaka leo."

Ndugu zangu, mimi nilitegemea aseme alikuwa na kiburi. Wote tulimwona hivyo, mtoto wa kishua, mwenye dharau. Kumbe alikuwa kijana mwoga aliyelelewa kimayai, hajawahi kuona tatizo likikaa zaidi ya saa moja bila mama kulimaliza, na kwa hiyo lilipokaa siku mbili aliona dunia inaisha. Akabeti ili liishe. Akakopa ili liishe. Akadanganya ili liishe.

Na mimi usiku ule nikajua kitu ambacho nasikia aibu kukiandika. Zile baiskeli sikumnunulia yeye. Nilimnunulia yule binti wa matambara ndani ya viatu. Nilikuwa najilipa fidia ya utoto wangu kwa kutumia utoto wake.

Nafahamu kwamba si mimi peke yangu. Naona hapa Moshi, naona Arusha, naona kila Desemba magari yakipanda mlimani na watoto ndani, vioo vimefungwa, binamu zao wako nje wanaosha vyombo. Tuliotoka kwenye shida ndio tunaoharibu zaidi. Tunasema "mwanangu asiteseke kama mimi," na maneno hayo ni matamu, unaona kabisa ni upendo. Lakini jiulize, uvumilivu ulio nao ulinunua duka gani? Wewe unayeweza kulala na deni na ukaamka ukatafuta, ulijifunzia wapi? Ulijifunza kwa kukosa. Sasa mtoto wako unamnyima kukosa, halafu akiwa na miaka 24 unashangaa hajui kukosa.

Sisemi turudi kwenye fimbo ya baba yangu. Hapo watu hunielewa vibaya. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Diana Baumrind, miaka ya 1960 alieleza wazazi wa aina tatu: anayeamrisha bila kusikiliza, anayeachia kila kitu, na anayesimamia neno lake huku anamsikiliza mtoto na kumpenda waziwazi. Baba yangu alikuwa wa kwanza. Mimi nikakimbilia kuwa wa pili, na miaka yote nilidhani njia ni hizo mbili tu. Mama yangu, aliyesema "utakula hiki, au utalala na kesho kuna nyama," alikuwa wa tatu. Nilimwona pale jikoni, nikampita, nikaenda kutafuta teksi.

Kwa hiyo wewe wa Njiro, na wengine mnaoniandikia, ninachoweza kuwaambia ni kidogo na kinajirudia. Mwacheni mtoto alie. Simaanishi anayeumwa, wala mwenye hofu, wala anayekuambia kuna mtu anamfanyia jambo baya, huyo kimbilia. Nazungumzia anayelilia kitu. Kilio cha kitu kina mwisho, na mtoto anatakiwa aufike huo mwisho yeye mwenyewe aone kwamba hajafa. Tuna methali nyingine inasema mtoto akililia wembe mpe, na wengi wanaitumia kama ruhusa. Wembe wangu ulikuwa wa 3,400,000 na kiwanja.

Mpe kazi. Ndogo, ya kila siku, yenye jina lake, na akiiacha isifanywe na mtu mwingine. Sahani yake aioshe. Kamba zake azifunge, hata kama basi linapiga honi. Ukiwa na dada wa kazi, mwambie wazi mbele ya mtoto kwamba kazi hii si ya dada, kwa sababu dada naye anaogopa kufukuzwa, ndiyo maana anambeba. Mwalimu akimpa zamu ya kufagia, mshukuru mwalimu. Na nyinyi wababa mnaosema "mpeni bwana," hamumtetei mtoto hapo, mnatetea taarifa yenu ya habari. Neno likishatoka kwa mama, lisivunjwe na baba, wala bibi, wala shangazi wa Dar. Mwacheni alie. Narudia kwa sababu najua hamtaki kulisikia, hata mimi sikutaka.

Na mwenye mtoto ambaye amekwisha kuwa mkubwa: msamehe, ila usimlipie. Ni vitu viwili, na mimi nilivichanganya kwa miaka 24.

Mwanangu sasa ni saidia fundi kwenye karakana ya kuchomelea mageti huko Pasua, hapa Moshi. Siku ya kazi anapata 10,000, siku isiyo na kazi hapati. Anapanga chumba cha 40,000. Lile deni alilipunguza mwenyewe, wiki kwa wiki, mjomba wake akisimama naye kuhakikisha hawamdhulumu, na likaisha mwezi wa tatu mwaka huu. Sisemi amepona kabisa. Kuna mwezi alirudi kubeti, akaniambia mwenyewe. Mwezi uliopita aliniomba 20,000 ya umeme na chakula, nikamwambia sina ya kukupa. Ilikuwemo kwenye pochi. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka saa sita usiku, mara nne nimefika mpaka pa kuweka namba ya siri, mara nne nimetoka. Asubuhi akatuma neno moja: "Nimepata." Sikuuliza wapi. Nililia pale dukani mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Juzi Jumanne usiku yule mama wa Njiro ameniandikia tena. Simu ameifungia kabatini, mume amekubali, dada amekatazwa kushika kijiko. Mtoto amelia kuanzia saa moja mpaka saa mbili kasorobo, amelala bila kula, na yeye amekaa nje ya mlango wa chumba chake anaogopa kuingia na anaogopa kuondoka. "Dada, amelala na njaa. Nimpelekee maziwa?"

Nikamwambia asimwamshe. Asubuhi aweke uji mezani, kijiko kando ya kikombe, atoke jikoni.